Barua Pepe Iliyosema Umekwama Kampala

Baba,

Nakuandikia kwa kalamu, kwenye karatasi, ili usiipeleke kwa watu wengine. Hii ni yako peke yako. Ukishaisoma, tafadhali iishie hapo.

Huku Namboboto hatujambo. Mvua imekuja vizuri, mihogo ya upande wa barabara tumeshaing'oa, na lile bati lililokuwa likigonga kila upepo ukivuma limepigiliwa misumari. Mimi bado nauza viatu vyangu vya mitumba Burumba, kule mjini mpakani, na wateja wa ng'ambo ya mpaka bado wananiita "nnyabo", yaani bibi kwa lugha yao, hata nikiwajibu kwa Kisamia. Mama anakula. Kuna wakati aliacha kula kabisa, na hilo ndilo linalonifanya niandike. Tangu tukuzike kuna jambo limetokea hapa nyumbani. Watu wote nimewaambia vingine. Wewe nitakwambia lilivyokuwa.

Nianze na barua pepe zako. Baba, zilituchosha. Siku hizi huwezi kununa, kwa hiyo nasema wazi. Tangu ulipostaafu kazi ya posta ukapata simu kubwa, hatukuwahi kuamka bila kitu kutoka kwako. Malaika wanaometameta. Sala ya kutumia watu kumi kabla jua halijatua, la sivyo baraka zitageuka mkosi. Mtoto aliyepotea, ambaye kwa hesabu yangu sasa ana watoto wake. Dawa ya presha ya ndimu na majivu. Mjane wa waziri fulani anayetafuta mtu mwaminifu wa kumwachia mali yake yote, na kati ya watu wote duniani akakuchagua wewe, wa Namboboto. Simu yangu ilikuwa inajaa mpaka picha ya kiatu cha mteja haiingii. Na juu ya kila moja uliandika maneno yaleyale: "Naifikisha kama ilivyonifikia."

Unakumbuka tulivyobishana Pasaka ile? Ulikuwa umekaa kwenye kiti chako ukimenya njugu. Nikakwambia, Baba, haya mambo ni uongo, hata huyasomi kabla ya kuyatuma. Ukasema bila shaka huyasomi. Miaka yote ya kazi yako hukuwahi kufungua barua ya mtu kuona kama ina ukweli. Mtu wa posta akianza kuchagua barua ipi inastahili kufika, ukasema, huyo si wa posta tena, ni mwizi. "Wewe ni njia tu. Barua ikikufikia, ina mwenyewe huko mbele." Nikasema intaneti si posta. Ukanitazama kama mtu aliyesema mbuzi si mnyama. "Ni posta. Imekosa baiskeli tu."

Mama alikuwa kando yako na alikuwa anakubali kwa kichwa. Mimi nilicheka, ila yeye hakucheka, kwa sababu kwake hayo yalikuwa maisha. Ule mwaka mafuriko yalipofunga njia ya Budalang'i, ulirudi na mfuko wa barua zilizolowa, na Mama akazitandaza moja moja juu ya kitanda chenu zikauke. Barua zikalala kitandani, sisi sote tukalala kwenye mkeka. Asubuhi alizigusa kwa mgongo wa mkono kama anavyogusa paji la uso la mtoto mwenye homa. Barua ya mtu kukwama, kwa Mama, ilikuwa karibu na dhambi. Likumbuke hilo ninapoendelea.

Tulikuzika ulivyotaka. Ulimwambia Mama mapema, na mimi nikiwapo, kwamba hutaki mkesha, hutaki disko matanga, hutaki watu walale kwa majirani na kuwamalizia mahindi. Utolewe mochari asubuhi, uombewe, uzikwe kabla ya mvua. Baba mdogo Ojiambo hakupenda. Alisema hajaona mwanamume mwenye boma lake akapitishwa mlangoni kama mgeni, bila kulala ndani ya nyumba yake hata mara moja. Lakini Mama alishika neno lako. Ukapelekwa moja kwa moja kaburini, upande wa kulia wa mlango, na mvua ikaanza tukiwa tunaweka maua.

Kisha, wakati udongo wa kaburi bado haujatulia, ukatuandikia.

Nilikuwa kibandani, mteja ana kiatu mguu mmoja. Simu ikalia, nikaona jina lako. Sitakuficha, nilikalia gunia. Ilikuwa kwa Kiingereza. Ilisema uko Kampala, umeibiwa kila kitu, umekwama, huwezi kufika nyumbani, usaidiwe haraka na watu wasiambizane. Nilijua ni wakora kabla sijafika mwisho. Ilikuwa barua yako ya kwanza kunifikia bila yale maneno yako hapo juu. Hata hivyo niliisoma mara kadhaa, kwa sababu jina ni jina, na nilikuwa nimekukosa.

Kumbe ilikuwa imekwenda kwa kila mtu uliyekuwa ukimtumia malaika. Walimu uliosoma nao, watu wa kwaya, wakwe. Baba mdogo Ojiambo, ambaye sidhani aliwahi kufungua malaika wako hata mmoja, hiyo aliifungua. Alinipigia kutoka Malaba, malori yananguruma nyuma yake.

"Nabwire," akasema, "mimi si mjinga. Wakora nawajua, hapa border naona wao kila siku. Lakini huyu mkora alijuaje mzee hakufika nyumbani?"

Nikamwambia hiyo barua wanaitumia dunia nzima, maneno ni hayohayo, wanabadilisha tu mji.

"Hii maneno si ya kompyuta," akasema, akakata.

Jambo likatoka hapo likapata miguu. Shangazi zangu wakasema wamekuota umesimama barabarani na mfuko. Mtu wa kwaya akasema alisikia kengele ya baiskeli. Baba mdogo akaita kikao cha Jumamosi, hapo nyumbani, na habari ikatangulia kwamba mbuzi atachinjwa na Mama ataomba msamaha mbele ya ukoo kwa kumwacha mwenye nyumba nje. Mama, Baba. Mama aliyekuosha na kukulisha kwa kijiko mpaka mwisho, aombe msamaha.

Yeye hakubisha. Hicho ndicho kilichoniogopesha. Aliacha chakula. Jirani akanipigia kuniambia kwamba siku hizi giza likiingia mama yangu hafungi mlango kwa komeo. Anaurudisha tu, anauacha hivyo, na mwizi yeyote angeweza kuingia. Alikuwa anakungoja uingie.

Nilifunga kibanda Ijumaa nikaenda nyumbani. Nilitaka kuirudisha hiyo akaunti yako mikononi mwetu kabla ya kikao, nimwonyeshe baba mdogo kazi ya wezi kwa macho yake. Njia ni moja: unaomba kuingia, wanatuma namba za siri kwa laini ya mwenyewe, unaziandika. Laini yako iko kwenye simu yako, na simu yako inakaa kwenye mfuko wa aproni ya Mama. Anaichaji kwa sola kila siku ingawa hakuna anayekupigia. Akanipa, akatoka kwenda kuwarushia kuku mahindi.

Namba zikaingia. Nilipozifungua nikaona juu yake kuna nyingine za aina hiyohiyo, zimeshafunguliwa. Ziliingia siku moja kabla ya barua ya Kampala. Nikatazama waliopiga. Namba ngeni, siku hiyohiyo, na walizungumza kwa muda mrefu.

Nilikuwa bado naitazama simu, Mama aliposimama mlangoni na bakuli tupu. "Zimefunguka sasa?" akaniuliza. "Yule kijana alisema barua za watu zimekwama kwa baba yako, hazifiki. Kwamba nikimsomea zile namba, zitaenda."

Kisha akasikia mwenyewe alichosema. Niliona uso wake ukielewa, polepole, kutoka macho kushuka mdomoni. Alishika fremu ya mlango.

"Alikuwa na heshima," akasema. "Alimwita Mzee."

Nilifuta zile namba. Nikafuta na namba ya yule aliyepiga, nikamrudishia simu yako akaitia mfukoni. Baba, sina hasira na Mama hata chembe. Hasira ninayo kwa huyo kijana, popote alipo, na ningempata ningempiga kwa kiatu kizito kuliko vyote nilivyo navyo. Aliugonga mlango ambao tangu zamani haujawahi kuifungia barua ya mtu.

Kwenye akaunti nilikuta ile barua yao kati ya ulizotuma. Chini yake kulikuwa na wewe mwenyewe, malaika juu ya malaika. Nikaanza kufuta. Ndimu na majivu, futa. Mjane wa waziri, futa. Nikafika kwenye picha yangu, ile niliyokutumia siku niliyofungua kibanda, nimesimama na viatu vimening'inia pande zote kama samaki wa kukaushwa. Kumbe uliituma kwa watu wako wote ila mimi. Na juu yake hukuandika maneno yako ya kawaida. Uliandika, "Huyu ni wangu." Hapo nililia, nikajifanya ni moshi wa jikoni.

Kesho yake wakaja. Walikaa sebuleni kwenye viti vya kanisa, baba mdogo kwenye kiti chako. Nikawaonyesha kila kitu, nikawaeleza wakora wanavyofanya, na nilidhani nimemaliza. Lakini nilimdharau baba mdogo. Yeye anatuma na kupokea pesa kwa simu kutwa nzima, hizo namba za siri anazijua kuliko mimi.

"Sawa," akasema. "Wakora waliingia. Nani alifungulia wao? Hiyo code inatoka kwa simu. Simu ya mzee iko na nani?"

Vichwa vyote vikageuka kwa Mama. Unamjua Mama, hajui kuficha hata bei ya sukari. Aliweka mikono magotini, akaanza kuinuka. Nilijua akisimama atasema yote, na nilijua yatakayofuata: huyu ndiye aliyemnyima kulala kwake, na huyuhuyu ndiye aliyemkabidhi kwa wezi. Wangemwimbia wimbo huo mpaka azikwe.

"Ni mimi," nikasema. "Nilifungua barua za Baba kwa cyber huko town, nikasahau kufunga. Mtu akaingia nyuma yangu."

Mama alikuwa nusu amesimama. Akakaa.

Nilisemwa, Baba. Shangazi walifyonza mpaka nikadhani watameza meno. Baba mdogo akasema, "Wewe na shule yako yote," na akaendelea kwa muda mrefu kuhusu wasichana wa mjini na simu zao. Niliinamisha kichwa, nikaomba msamaha kwa ukoo, nikaahidi sukari na majani ya chai. Mbuzi akasahaulika. Baba mdogo alipochoka, akasema kwa sauti nyingine kabisa, "Basi hiyo haikuwa sauti ya mzee. Mzee yuko kwake." Nadhani na yeye alikuwa ameogopa. Alikuwa amebeba hofu hiyo kutoka Malaba peke yake.

Chakula kikaletwa. Mama alikuwa amechinja yule jogoo mwekundu, na aligawa mwenyewe. Baba mdogo akapewa paja. Alilitazama, akatafuta kwenye mchuzi kwa kijiko, akakosa. Mimi nikaangalia sahani yangu, na firigisi ilikuwa pale, juu ya ugali, nzima.

Hujawahi kuona mtu mwingine akiila katika nyumba hii. Mimi pia sijawahi. Ilikuwa yako kama mwenye boma, na baada yako kila mtu alijua itakwenda kwa nani. Baba mdogo aliitazama sahani yangu, akamtazama Mama. Mama alikuwa anamwongezea shangazi mchuzi. Baba mdogo akarudi kwenye paja lake. Kama alielewa, alikula na kuelewa kwake.

Jioni hiyo, wageni walipoondoka, nilimsikia Mama akifunga komeo.

Akaunti yako nimeifunga. Kabla sijaifunga niliwaandikia watu wako wote, kwa maneno yangu, kwamba ulifariki, ulizikwa nyumbani kwako Namboboto, na hukukwama mahali popote. Wengi walijibu. Wanasema asubuhi zimekuwa kimya. Hata mimi naona hivyo.

Pumzika sasa, Baba. Mimi na Mama hatujalizungumzia jambo hili tena na hatutalizungumzia. Nimekula firigisi yako, kwa hiyo kumlinda ni juu yangu. Wakiniuliza mwaka huu, wakiniuliza mvi zikishaniota, wakiniuliza siku ya kumzika yeye, nitawajibu bila kupepesa macho: nilikwenda cyber, nikafungua barua za Baba, nikasahau kufunga.

Wako,
Nabwire