Koti Lililonuka Mbege

Ijumaa

Nimecheka kimoyomoyo kutwa nzima, Mungu anisamehe.

Chupa zote nne za seli za figo zimeharibika. Wiki tatu tumezilea maabara kama vifaranga, tukizipa joto la mwili na chakula kipya. Leo asubuhi maji yake ya rangi ya waridi yalikuwa yamechafuka, na kwenye hadubini nikaona chachu imejaa, inazaana bila aibu.

Daktari, bosi wetu, akawaka. "Nani katuletea chachu humu?" Akamkazia macho Mama Neema wa usafi. Mama wa watu mlokole, hata soda anainywa kwa wasiwasi!

Mama Neema akaegemeza fagio ukutani. "Daktari, Jumatatu ulirudi kutoka kwenye kipaimara cha mpwa wako na dumu la mbege, ile pombe ya ndizi yenye chachu. Ukawamiminia watu ofisini, ikamwagikia koti lako jeupe. Nikalitenga nilifue. Jioni nikalikuta limetundikwa chumba cha seli. Lilijipeleka?"

Daktari akakohoa, akamwomba radhi mbele yetu sote, kisha akabandika tangazo mlangoni: aliyegusa mbege haingii humu mpaka aoge.

Itabidi tuanze upya, na wafadhili wanataka matokeo mwezi ujao. Hilo linanitisha.

Lakini linalonikereketa ni jingine. Jumatatu hiyo koti langu lilikuwa kwenye kamba, halijakauka. Aliyevaa la Daktari akaingia kulisha seli ni mimi.

Jumapili nitatubu. Kwa Mungu kwanza, Daktari atasubiri.