Daktari na Mwenye Kiu

Jumatatu, 3 Machi

Leo pasi zimepoa kazini kwa ajili ya mnyonya damu! Nacheka peke yangu hapa. Bi Vifungo — kila kifungo kinachodondoka pale udobini hupita mkononi mwake — anasema yule Daktari wa kwenye tamthilia ni mtu mmoja, mwongo tu. Mimi nasema ni wawili. Jioni anatibu watoto, anawaimbia mpaka walale. Kiu ikimshika anageuka Mwenye Kiu, anang'ata shingo ya mlinzi, asubuhi hakumbuki kitu. Sasa kosa la Daktari ni lipi?

Bi Vifungo akanijibu, Mama Nesi, hata marehemu mume wangu alikuwa hakumbuki alikolala. Tulicheka hadi msimamizi akachungulia.

Mama Nesi! Wananiita hivyo tangu binti aingie chuo cha uuguzi. Mimi niliyeishia darasa la nne. Jina hilo nalivaa kama nguo mpya.

Ukweli ni kwamba tamthilia nimeianza kwa ajili ya binti, yeye hakosi sehemu hata moja. Tangu mwezi wa kwanza anakula kimya. Neno la kwanza ndiyo, la pili nimeshiba. Nikaona nikimjua huyu mnyonya damu wake, nitapata pa kuanzia.

Jumatano, 5 Machi

Bi Vifungo kaniingiza kwenye ukumbi wa mashabiki, kwenye simu. Huko kila mtu ana jina la kupanga. Mimi ni Koti Jeusi. Kuna kambi mbili, Mmoja na Wawili, wanasutana kama mawifi! Mimi Wawili. Naandika kwa kidole kimoja, nikimaliza neno wenzangu wameshahama mada.

Yupo mmoja wa kambi ile nyingine, Kioo Kitupu. Ana akili huyo! Anasema Daktari hajasahau chochote. Anajifanya hakumbuki kwa sababu kwao wanampenda Daktari peke yake. Nikamwandikia, mama yake akijua atakufa na presha. Akajibu, ndiyo maana hasemi.

Nimempenda. Anabisha kwa adabu. Aliyemzaa ana bahati.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepiga pasi sare ya binti. Nyeupe vilevile alivyoondoka nayo. Kola haina jasho. Nyuma haina makunyanzi ya kukaa, ina mistari ya kukunjwa, kama shati la dukani. Miaka kumi na tisa nanyoosha nguo za watu. Nguo haijui kudanganya.

Na kwenye mshono wa mfuko, unga wa mbao.

Labda hospitali wanatengeneza vitanda. Labda. Moyo, tulia.

Ijumaa, 7 Machi



Mchana Kioo Kitupu kaandika kwamba naye ni kama Daktari. Asubuhi anaaga nyumbani na sare, anaibadilisha chooni kituo cha basi, anakwenda kuranda mbao kwa fundi seremala. Chuo kaacha tangu mwezi wa kwanza. Akiona damu anazirai! Wenzake wakamcheka, shabiki wa mnyonya damu anaogopa damu. Naye akacheka. Kisha akaandika kwamba mama yake kila asubuhi humtilia chungwa lililomenywa, kalifunga kwa kitambaa cha kijani, pindo kalishona kwa uzi mwekundu kwa kuwa wa kijani uliisha. Akasema anaweza kuvumilia yote, ila hilo chungwa linamshinda.

Kitambaa changu. Uzi wangu.

Nikakaa juu ya kapu la mashuka. Bi Vifungo akaja mbio, Mama Nesi, una nini? Jina likaniunguza. Nikasema Daktari kanitia huzuni. Akanisuta, shoga, yale ni maigizo!

Atakufa na presha. Nilimwandikia mimi, kwa kidole changu mwenyewe. Mtoto alikuwa anatafuta mlango, nami nikaupiga komeo.

Jumamosi, 8 Machi

Nina hasira pia, nisijidanganye. Nimewaringia watu wangapi! Mpaka muuza mkaa anajua nina nesi.

Leo binti kautengeneza mlango wa kabati bila kuambiwa. Miaka yote unaning'inia, sasa unafungika kwa kidole. Nikasema, mikono yako hiyo. Akaificha. Michubuko ile mimi nilidhani ni dawa za hospitali zinazomchubua.

Nikamwuliza, huyu Daktari wenu ni mmoja au wawili? Aliruka! Mama, na wewe unaangalia? Akacheka, meno yote nje. Halafu akasema, ni mmoja, mama. Akaondoka upesi. Nilikuwa na neno ulimini, nikalimeza. Woga wangu mimi!

Jumapili, 9 Machi

Sehemu ya leo imerushwa mchana. Daktari kafika kwao, mikono ina damu. Wanyonya damu hawaingii ndani mpaka waambiwe karibu, hata kwao. Mama yake kasimama mlangoni, anamtazama. Ikakatika hapo hapo!

Ukumbini moto. Huyu anasema atamfukuza, yule anasema ataita polisi. Binti yuko chumbani kwake, mimi jikoni, ukuta mmoja. Kioo Kitupu akaandika, Koti Jeusi, nahisi wewe ni mzazi. Ungekuwa wewe pale mlangoni?

Nikaandika. Nikafuta. Nikaandika tena.  Mwisho nikabonyeza pale pa kusemea, sijawahi hata siku moja. Nikasema ningemwambia aingie, anawe, ale. Asiniage tena na sare. Kesho namtilia machungwa mawili, kuranda kunachosha. Na presha haitaniua, niliropoka tu.

Ikaenda.

 Kisha ng'ambo ya ukuta nikasikia sauti yangu. Ningemwambia aingie — ikazimwa. Ikaanza upya. Naandika ili mikono iwe na kazi. Hii mara ya tatu anaisikiliza.

Kiti chake kimesogea. Nyayo. Amefika mlango wa jikoni, naona kivuli cha miguu yake hapo chini. Hagongi. Haingii. Mlango wenyewe umerudishwa tu, haujapigwa komeo!

Neno ni moja tu na koo limenikauka. Ngoja ninywe maji kwanza —