Piano Iliyoshuka Sauti

Jumanne, Januari 1968

Na huyo ndiye wanamwita mwalimu wa muziki.

Shule ile ya wasichana imebakisha nafasi moja tu, ya mtoto mwenye sikio la muziki. Basi bwana na tai yake akampigia Chebet wangu wimbo mfupi kwa piano, kidole kimoja, ili aurudie. Akaurudia vizuri. Mwalimu akatikisa kichwa.

"Umekosea hapo katikati."

"Mwalimu, hapo katikati ni piano imeshuka sauti," mtoto akasema polepole.

Bwana akanigeukia. "Mzee, huyu wako amekuja kuomba nafasi ama kutengeneza piano?"

Mimi kanisani huambiwa nifungue mdomo tu, nisitoe sauti. Lakini hata mimi nilisikia piano imeshuka. Kisha nikamkanyaga Chebet mguu.

Akaelewa. Akaimba tena, akaipinda sauti pale pale piano ilipopinda.

"Sasa umeiva," mwalimu akasema, akaandika jina lake.

Nafasi tumepata. Nimemdharau mtu yule njia nzima mpaka hapa Kiptere, na tangu tulipopita Litein nikawa najidharau mwenyewe pia. Huo mguu wangu.

Jioni Chebet alikuwa akikamua, anamwimbia ng'ombe kama kawaida ili aachilie maziwa. Nikamtania, "Mwimbie ule wa leo, vile mwalimu anapenda."

Hakuinua kichwa.

"Hapana, baba. Huyu anasikia. Atakataa na maziwa."