Sauti ya Kamanda wa Sayari ya Shaba

Hurlingham, Nairobi
9 Februari 2009

Tobi, ndugu yangu,

Niaje bana? Shemeji Jacklyne hajambo? Na mtoto, Nanjala? Sisi huku tuko salama, ni jua tu linatuchoma.

Keti kwanza ndiyo usome hii. Kuna kampuni inataka tufufue Sayari ya Shaba! Michezo yetu yote miwili ya kompyuta, Tobi, baada ya miaka hii yote. Wamenipa ofisi hapa Hurlingham, kompyuta mpya, na Janice, msichana anayechora vyombo vya angani vizuri kuliko vile sisi tulivyoweza. Vifaru vyetu vilivyofanana na masanduku sasa vitakuwa na magurudumu.

Mchezo wa kwanza ni vita na kujenga koloni, huo hauna shida. Ule wa pili ndio naombea ruhusa, maana hadithi ni yako: Kamanda anayeketi kabla ya kila vita na kusimulia vile watu wake walivyofukuzwa duniani. Watu bado wananiuliza habari za huyo Kamanda. Za vita vyangu hawaulizi, nimezoea.

Ndugu yako,
Kibe

Winnipeg
22 Februari 2009

Kibe, ndugu yangu,

Salamu kutoka kwenye barafu. Wote wazima. Nilipiga kelele hadi Jacklyne akadhani kuna msiba. Fufua! Badilisha picha, badilisha hata vita vyako vibovu. Naomba jambo moja tu: sauti ya Baba, ile ya Kamanda, usiiguse.

Unakumbuka alivyokataa kusoma karatasi pale nyumbani Kawangware? Ati yeye ni mkalimani, si msomaji. Ikabidi nisimame kando yake nimtupie sentensi kwa Kiingereza, kama yule mhubiri aliyemtafsiria bustanini Jeevanjee saa ya lanchi, naye aipokee kwa Kiswahili, mkono juu. Nikisema mji umeanguka, yeye anasema, "Mji umeanguka, jamani, na sufuria bado ziko motoni!" Nusu ya hadithi ile ni ya Baba, na sauti zetu ziko pamoja kwenye yale mafaili.

Siku hizi koo linamsumbua. Kanisani wamemweka mkalimani mwingine, naye amenuna kama mtoto. Mpitie umsalimie.

Ndugu yako,
Tobias

Hurlingham, Nairobi
14 Mei 2009

Tobi ndugu yangu,

Sasa? Samahani kwa kimya, kazi imenikalia kichwani. Pole kwa koo la Mzee, bado sijapata nafasi ya kumpitia. Wenye kampuni wanalalamika kwamba rekodi zetu zina kelele ya mvua kwenye mabati, lakini usijali, hilo tunalishughulikia. Picha zimetoka kali ajabu. Msalimie Jacklyne.

Ndugu yako,
Kibe

Winnipeg
2 Julai 2009

Kibe ndugu yangu,

Natumai uko mzima. Huku si kuzuri. Baba amefanyiwa upasuaji. Ilikuwa saratani ya koo, na madaktari wamekitoa kisanduku cha sauti chote. Atapona, wanasema, lakini hatazungumza tena. Baba yangu, Kibe! Yule aliyesikika kutoka Jeevanjee hadi Moi Avenue bila kipaza sauti!

Nanjala hajawahi kukutana na babu yake. Kwenye simu alikuwa akilia kila Baba akimsalimia, nasi tukicheka, tukijua atazoea. Tafadhali nitumie zile rekodi, zote, pamoja na mvua yake. Diski za mchezo wa pili tulizonakili wenyewe nimezijaribu, hakuna hata moja inayosomeka. Wewe tu ndiye uliye nazo.

Baba amejifunza kuandika meseji. Anasema akipata nguvu atakuja ofisini kwako ajisikilize.

Ndugu yako,
Tobias

Winnipeg
30 Agosti 2009

Kibe, ndugu yangu kama wa damu,

Hujambo? Barua yako sijaiona lakini sina neno. Baba ameniandikia! Amefika Hurlingham, amejisikiliza, na anasema sauti imetoka safi kabisa. Ati nisikusumbue kwa sababu una kazi nyingi. Nimelia mbele ya watu kazini, sioni haya kukuambia. Asante, asante sana. Nanjala anatimiza miaka minne Oktoba, na nimeshamwambia babu atamsimulia hadithi siku hiyo.

Ndugu yako,
Tobias

Hurlingham, Nairobi
14 Septemba 2009

Tobi,

Natumai hamjambo wote. Mimi ni mzima wa mwili tu.

Ile si sauti ya Mzee. Aprili wenye kampuni walikataa rekodi zetu, nikamwita Karanja, mwigizaji wa redio. Sauti nzito, Kiswahili kilichonyooka. Nikaipenda, Tobi. Sitasingizia kampuni, niliipenda kuliko ya Mzee. Kompyuta ikajaa, nikayafuta yale mafaili kwa mkono wangu, yote, na nakala nyingine hakuna. Nilijiambia Tobi akikasirika, Mzee si yupo? Tutarekodi upya. Nilimtafuta mtu wa kurudisha vilivyofutwa, nikachelewa, kazi mpya ilishaandikwa juu yake.

Mzee alikuja peke yake, kwa suti yake ya Jeevanjee, skafu shingoni. Janice, ambaye hakujua lolote, akamfungulia mchezo wa pili. Sauti ya Karanja ikaanza kusimulia. Mzee aliinua mkono kama zamani, kisha akaushusha. Alisikiliza hadi mwisho akiniangalia mimi, wala hakuangalia kompyuta. Unajua nilisema nini? "Tumeisafisha sana, Mzee." Nilimwambia hivyo mtu asiyeweza kunibishia. Akanishika mkono, akaenda zake.

Sikujua angekuandikia vile. Amekudanganya kwa ajili yangu, na nimeshindwa kula tangu niipate barua yako. Nimekosa, Tobi. Nimekukosea wewe, nimemkosea Mzee na huyo mtoto.

Kibe

Winnipeg
27 Septemba 2009

Kibe,

Nilimpigia Baba. Siku hizi mimi huuliza, yeye hugonga simu kwa kidole, mara moja kwa ndiyo, mara mbili kwa hapana. Nilimwambia Kibe ameniandikia kila kitu, mafaili yamefutwa, aliyesimulia ni Karanja. Nikamuuliza, "Baba, ile uliyosikia Hurlingham ilikuwa sauti yako?"

Akagonga mara moja.

Nikamuuliza tena, kwa ukali, Mungu anisamehe. Akagonga mara moja.

Usiniandikie.

Tobias