Mwanangu Amenikatia Tiketi, na Mimi Sikuomba Safari

Mpendwa mshauri, naomba msaada wa jambo ambalo sina wa kumwambia, kwa sababu wote ambao ningewaambia ndio hao ninaowashuku, na kabla hujanihesabu kuwa mzee aliyeanza kuchanganyikiwa nataka ujue kwamba mimi ni fundi wa kujalidi vitabu, karakana yetu iko chini ya maktaba, na huko nimezoea kushika kitabu kilichochanika nikajua kwa vidole ukurasa upi umedondoka wenyewe na upi umetolewa kwa wembe. Kwa hiyo nikikwambia kwamba nyumbani kwangu kuna ukurasa unaotolewa kwa wembe, usinicheke.

Niliikimbia nchi yangu nikiwa kijana, nikiwa na mke mwenye mimba, mke nimeshamzika huku, na mimba ile ndiyo mwanangu huyu ninayekuandikia habari zake, sasa ni dereva wa lori, naye ana mke, na tunakaa watatu katika nyumba ya kupanga yenye vyumba viwili na sebule, wao chumba kikubwa cha mbele, mimi kile cha nyuma pamoja na meza yangu, shinikizo langu la chuma la kubania majalada na vitabu vyangu. Nilipokelewa kama mkimbizi, baadaye nikapewa kadi ya ukaazi wa kudumu, na uraia sikuuomba kamwe, si kwa kiburi, ila kila nilipoyafikia maneno ya kiapo niliona kama ninamfungia mlango mtu ambaye bado yuko njiani anakuja, na mtu mwenyewe ni mimi.

Sasa sikia mambo yalivyoanza. Mkamwana wangu, muuguzi msaidizi, mtoto wa watu mwenye adabu ambaye tangu aolewe anazungumza nami akiwa ameinamisha macho, ameomba kibali cha uhamiaji cha kumleta mama yake aje kuishi nasi, na hilo sikulipinga, mama ni mama, tena mwanamke mwenyewe ni mcheshi, alikuwa mwalimu wa michezo na hata leo ukimpigia simu utamkuta anapanda ngazi huku anaongea bila kuhema. Lakini tangu maombi hayo yaanze, watu hawa wawili wamekuwa wema kupita kiasi. Chai naletewa chumbani. Goti langu la kushoto, ambalo limekuwa likinisaliti tangu msimu wa baridi uliopita na ambalo hakuna aliyekuwa akiliuliza, sasa linaulizwa hali asubuhi na jioni kama mgonjwa wa heshima. Nikakuta wamefunga chuma cha kushikia bafuni, karibu na beseni, nikajua kinamsubiri mgeni. Kisha nikamkuta mkamwana wangu chumbani mwangu ameshika futi ya fundi cherehani anapima ukuta, aliponiona akaiweka mgongoni, akasema, "Samahani baba, nilikuwa nafagia." Nani anafagia kwa futi? Walikwenda wakapima na kitanda chao, wakapima ukuta wa sebuleni wenye dirisha, wananong'ona, nami nikaendelea kukunja karatasi zangu.

Siku moja umeme ulikatika karakanani tukaruhusiwa mapema, nikafika nyumbani mchana, na kwa kuwa viatu tunavivua mlangoni hawakunisikia, walikuwa jikoni.

Mwanangu anasema, "Mzee asipokuwepo siku watu wa uhamiaji wanapokuja kukagua nyumba, mambo yatakuwa mepesi. Balozi Mdogo kasema."

Mkewe akajibu, "Na tutamwambiaje?"

"Tutamwambia aende akapumzike. Akamwone shangazi."

"Mimi simwambii. Wewe ndiye mwanawe."

"Ah, sasa aibu ya nini? Si safari tu?"

"Basi kama ni safari tu, kamwambie wewe."

Mshauri, nilirudi mlangoni, nikavaa viatu, nikaingia upya kwa kukohoa.

Huyo Balozi Mdogo si balozi wa nchi yoyote, ni fundi simu mwenye kibanda karibu na kituo cha mabasi, na jina hilo amepewa na watu kwa sababu nyuma ya kioo chenye simu zilizopasuka ana meza nyingine ya kushughulikia viza, na ukimsikia anavyowataja maofisa utadhani amenyonya nao ziwa moja. Mwanangu alinipeleka kwake. Akanivisha kilemba cha ukoka pale, mzee wangu huku, msomi wangu kule, halafu akasema, "Niachie hiyo kadi ya ukaazi, niitoe nakala kwa ajili ya faili la mama."

Nikamwambia, "Nakala inatoka mara moja. Kadi inabaki kufanya nini?"

Akacheka. "Unaona? Ndiyo maana nasema huyu mzee ni msomi!"

Mwanangu akanitazama kwa haya, na mimi nikaona aibu kumvunjia heshima mtoto mbele ya watu, nikaitoa. Mpaka leo sijaiona. Nikienda naambiwa, "Iko kwenye mchakato, mzee wangu," na anaendelea kukaza skrubu za simu ya mtu. Tena ameniambia ile hati yangu ya kusafiria ya mkimbizi itanipa taabu uwanja wa ndege, yeye ana mtu ubalozini anayeweza kunitolea pasipoti ya kule kwetu, niingie kama mwenyeji, kifua mbele.

Wiki iliyopita mwanangu akaniletea tiketi na begi jipya lenye magurudumu. Tiketi ni ya kwenda kule kwetu hasa, mji nilioukimbia, na tarehe ya kurudi ni mwaka ujao, baridi ikishakwisha. "Kapumzike baba, umefanya kazi sana," akasema, na hakuniangalia. Begi nimelisimamisha nyuma ya mlango, sijalifungua.

Na hapa ndipo ninapoumia, mshauri, kwa sababu kama ingekuwa ni hila tupu ningeipiga teke, lakini kule yuko dada yangu mkubwa, aliyenilea, aliyebaki, macho yake yanazima, na kila akinipigia ananiambia, "Njoo nikuone ningali naona." Wanajua hilo. Wamechagua chambo kizuri. Ninahofu kwamba wananipeleka nikae huko mpaka haki yangu ya huku inyauke, chumba wakipate, nami nibaki mzee asiye na kule wala huku. Je, niende? Nikatae? Au nimwambie mwanangu usoni kwamba nimemshtukia?

Ni mimi,
Baba Jalada

*

MSHAURI ANAJIBU

Baba Jalada, shikamoo. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nikakuonea huruma, mara ya pili nikakukasirikia, kwa hiyo uniwie radhi, maana heshima zangu zinaishia kwenye hiyo shikamoo.

Umekuwa na shaka na kila mtu ndani ya nyumba yako, chai umeishuku, futi umeishuku, hata chuma cha bafuni umekishuku, halafu mtu pekee uliyestahili kumshuku ukamkabidhi kadi yako kwa sababu ya aibu. Aibu gani hiyo, mzee mzima? Kadi ya ukaazi haiachwi kwenye kibanda cha simu. Ofisi ikihitaji kuiona, unaipeleka mwenyewe, wanaitazama mbele yako, unaondoka nayo. Ukimaliza kusoma gazeti hili, vaa viatu, mchukue mwanao, nenda kaidai. Usikae kwenye kiti chake, usinywe soda yake. Akikwambia tena habari za mchakato, mwambie unatoka hapo moja kwa moja kwenda polisi kuripoti kwamba imezuiliwa, kisha ofisi ya uhamiaji kuomba nyingine. Na uende kweli. Kadi halisi ya mtu wa makamo yako, mkononi mwa mtu wa namna hiyo, inaweza kuuzwa kwa mwingine ikasafiri kuliko wewe.

Pili, hiyo pasipoti ya "kifua mbele". Usiiguse! Wewe ulipokelewa huku kwa kusema kwamba serikali ya kule haikulindi. Siku utakayochukua pasipoti yake na kuingia nayo, umeiambia dunia kwamba sasa inakulinda, na karibu kila mahali ofisa akiona hivyo ana haki ya kuuliza kama ulinzi wa huku bado unauhitaji. Hati yako ya mkimbizi inakupa taabu, ndiyo, lakini ifungue uisome, wewe si msomaji? Mara nyingi imeandikwa humo humo kwamba ni halali kwa nchi zote isipokuwa ile uliyoikimbia. Hilo halikuandikwa ili kukutesa.

Tatu, tiketi. Ukaazi wa kudumu una jina zuri, ila haudumu kama mwenyewe hayupo. Nchi nyingi zina kikomo cha kukaa nje, na ukikipita bila ruhusa ya kurudi iliyoombwa mapema, unaweza kusimamishwa uwanja wa ndege ukaulizwa makazi yako ni wapi hasa. Kikomo cha huko ulipo mimi sikijui na sitajifanya kukijua. Nenda kwenye kituo cha msaada wa sheria kwa wahamiaji, wapo wanaohudumia bure, uulize kwa mdomo wako na uombe jibu la maandishi. Kabla ya hapo, tiketi hiyo ibatilishwe. Ikishindikana kubatilishwa, ipotee. Heri ipotee tiketi.

Sasa tuje kwa mwanao. Baba Jalada, wewe unayesema unaujua ukurasa uliochanwa kwa wembe, hebu shika tena hiyo barua yako. Unasema chuma cha bafuni kinamsubiri mgeni. Mgeni gani? Huyo anayepanda ngazi akiongea bila kuhema? Mwenye goti bovu katika nyumba hiyo ni mmoja, na ni wewe. Nani anamfungia chuma cha kushikia mtu anayemfukuza? Unasema walipima kitanda chao, kisha wakapima ukuta wa sebuleni. Kitanda cha wenye ndoa kinachopimwa sebuleni kinahamia sebuleni, mzee wangu. Sina macho ya kuona ndani ya nyumba yako, lakini ninavyosoma mimi, hao wawili wanajiandaa kulala nyuma ya pazia, chumba chao kikubwa wampe mama, na wewe ubaki na meza yako na shinikizo lako. Na yule binti aliyekuwa anafagia kwa futi, yaelekea alikuwa akitafuta nafasi ya kabati asilokuwa na pa kuliweka, akaona haya kumuomba baba mkwe. Ndiye huyo huyo aliyesema jikoni, "Mimi simwambii." Wewe ulisikia njama. Mimi nilisikia mtu pekee katika nyumba hiyo aliyekataa kukudanganya.

Usifikiri ninamtetea mwanao. Amekosa, na kosa lake ni kubwa. Fundi simu amemwambia kwamba nyumba yenye watu wachache inapita kwenye ukaguzi, naye akaamua kumficha baba yake kama kochi lililochanika mgeni anapokuja. Na wewe kijana, kama unasoma hapa, sikiliza. Wanaokagua wana majina ya wanaokaa hapo. Wakikuta mzee ameandikwa na haonekani, hawatasema nyumba ina nafasi, watasema nyumba ina uongo, na uongo katika maombi ya kumleta mzazi unaweza kumfungia mama mlango hata pale ambapo ukweli ungemruhusu. Andikeni watu wote wanaokaa humo. Waonyesheni pazia na kitanda. Kama nyumba ni ndogo mno, mtaambiwa ni ndogo, mtatafuta nyingine, mtaomba tena. Ukikataliwa kwa nafasi unaweza kurudi. Ukikataliwa kwa uongo utakuwa na kazi.

Baba, uliuliza kama umwambie usoni kwamba umemshtukia. Hapana. Usianze na yeye. Mwite mkamwana wako, keti naye mezani kwako, mwambie, "Mwanangu, ile siku ulikuwa unapima nini?" Kisha nyamaza, mpe muda, usikunje karatasi. Akianza kulia, basi nilisoma sawa. Akianza kujieleza kuhusu ufagio, niandikie tena, nitakuomba radhi hapa hapa mbele ya wasomaji.

Limebaki la dada yako, na hilo peke yake ndilo lililonigusa, kwa sababu chambo au si chambo, macho yake yanazima kweli. Utamwona, lakini si kule. Tafuteni nchi iliyo jirani na kwake, ambayo hati yako inakuruhusu kuingia. Aletwe na mtu wake, nawe uende kwa muda mfupi, kadi ikiwa mfukoni mwako. Lile begi usilirudishe dukani. Litoe nyuma ya mlango, lifungue, anza kulitia nguo.

Na uraia, uombe. Nimekuelewa kuhusu mtu aliye njiani. Lakini mtu huyo, baba, alishafika zamani. Anajalidi vitabu chini ya maktaba, mkewe amezikwa hapo, mwanawe amezaliwa hapo. Ni wewe tu hujamkaribisha.

Mpigie dada leo. Mwambie mtakutana, mtakaa pamoja, mtalia mpaka mchoke, halafu kila mmoja atarudi kwake. Hilo neno la mwisho, "kwake", ndilo litakalokuwa gumu kwako. Lijaribu kwanza peke yako, kwa sauti, ukiwa umesimama katikati ya chumba chako.