Dawa Ulizoziacha

Jumanne, 9 Oktoba 2012. Asubuhi mvua nyembamba, upepo wa baharini unatikisa madirisha ya ghorofa nzima.

Mama,

Tangu tukuzike, chumba chetu hapa ugenini, South Beach, kimezidi kuwa kidogo. Nguo zako tumegawa. Mama Chantal, jirani yetu wa nyuma ya pazia linalogawa chumba, alichukua kitenge cha bluu, akalia. Sasa anataka na dawa zako za presha.

Kila siku ananiomba. "Marehemu hana presha tena, mimi ndiye ninayo!" Jana akanicheka: "Unazilinda kama polisi wa mpaka." Hospitali anaiogopa, kwa sababu karatasi yake ya ukimbizi imeisha muda.

Unamkumbuka yule mfamasia wa hospitali, dada Mzulu mwenye miwani? Madaktari walikuwa wanakuongezea dawa tu, presha haishuki. Yeye akasema, "Ma, mwaga mfuko wote hapa, hata vidonge vya kupewa." Ukacheka, ukamwaga. Akaokota vile vidonge vyekundu vya magoti. Nikakutafsiria: hivi ndivyo vinavyopandisha presha na kuharibu figo. Akampigia daktari simu palepale, dawa zikapimwa upya kulingana na figo zako wewe. Ukapanda ngazi tena. Ukaimba kwaya Krismasi mbili.

Vile vyekundu alikupa Mama Chantal, kwa upendo. Ndani ya taxi ukanishika mkono: "Usimwambie kamwe. Atakufa kwa aibu."

Nimenyamaza. Lakini nikimnyima bila sababu, mimi ni mchoyo. Nikimpa, labda namuua. Nikisema, nimevunja neno lako. Hata kulia siwezi, Mama. Pazia ni jepesi, anasikia kila kitu. Na mimi ninamsikia yeye. Asubuhi na jioni anameza vilevile vyekundu, kwa magoti yake. Leo ametokwa na damu puani, akasema ni joto. Joto gani, na mvua hii?

Nimekuomba jibu.

Basi nisamehe. Kesho nitamwambia, nikiwa nimemshika mikono, na nitamwambia pia jinsi ulivyomficha jambo hili ili asiumie. Kisha nitampeleka hospitali, kwenye dirisha la dawa la yule dada, karatasi iwe nzima au imekufa. Akikataa, nitakaa mlangoni mpaka achoke. Nakuahidi hilo.

Pumzika, Mama yangu. Afadhali aone aibu akiwa hai.

Jumatano asubuhi. Nilipata usingizi saa tisa usiku.