Jirani Yako wa Bangkok Hakucheki

Nyumba ya Suud bin Nasser,
Muscat, ndani ya ukuta.
Jumanne, 14 Mei 1968 (Safar 1388)

Mpendwa mwanangu Nasriya, binti wa kaka yangu,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Hujambo mwanangu? Mumeo Yaarub hajambo? Na mjukuu wangu Aliya, meno yamefika mangapi? Naomba barua hii ikukute mzima na nyumba yako imetulia. Sisi huku viungo vizima, alhamdulillahi. Ya moyoni utayasoma mbele.

Barua yako niliipata tangu Jumatano ya tarehe mosi. Ilishuka na ndege Ruwi, ikalala siku kadhaa ghalani Matrah anakofanya kazi mume wangu, Ami yako Suud, ndipo akaniletea. Leo ni siku ya kumi na tatu, na ndiyo kwanza nnakujibu. Usinione mzembe. Sababu utaiona.

Umeniuliza Muscat kukoje. Kugumu. Jua likishakuchwa saa tatu zikapita, lango la mji hufungwa, na anayetembea baada ya hapo lazima awe na fanusi mkononi. Maji twaletewa kwa punda. Skuli ya wasichana hakuna, na mwanamke akishikwa na uchungu wa uzazi, jamaa zake huanza kusoma dua mapema. Mimi ni kabila lao hawa hawa, babu yetu katoka hapa, lakini nikisema Kiarabu changu cha Unguja sokoni wanawake hutazamana. Wananiita Mzinjibari. Nimeshazoea kunyamaza.

Ulinitaka nikwambie namna ya kuishi na watu wa huko Bangkok, maana nimekaa nao miaka minne. Nitakuandikia ninayoyajua, halafu nitakuandikia jambo jengine. Ukifika hapo usiisome barua hii mbele za watu.

Viatu vyako viache mlangoni, hata wakikwambia haidhuru. Usimshike mtu kichwani, hata mtoto mdogo, hata kwa mapenzi. Kichwa kwao ni kitu kitukufu. Ukikaa chini, ikunje miguu upande, nyayo zako zisimwelekee mtu. Sokoni usipandishe sauti. Kwetu mtu akigombana na muuzaji wa samaki huwa anapunguziwa bei. Kwao ukipiga kelele umeshajiaibisha, na kesho hata salamu hupati.

Mashua za chakula zinazopita kwenye mfereji, usinunue kitu kilichopikwa mpaka umjue mpishi, maana nguruwe huingia kwenye kila chungu. Mboga nunua, na samaki nunua. Nyama mwachie Yaarub aende kwa Waislamu wa karibu na mskiti wa mtoni. Mchele wao utauzoea. Nazi wanakuna kama sisi, wamekaa juu ya kibao chenye meno, isipokuwa sisi twakiita mbuzi, wao wanakiita sungura. Na saa zao za asubuhi wanahesabu kama sisi, saa yao moja ndiyo saa yetu moja, basi ukiambiwa njoo saa mbili asubuhi usianze kupiga hesabu ya Kizungu ukachelewa.

Kitabu cha ugeni, kile cha ruhusa ya kukaa, mkumbushe Yaarub akipeleke kugongwa muhuri kabla muda haujesha. Maji yachemshe. Mitungi yote ya maji ifunike, mchana na usiku. Hili la mitungi nitalirudia.

Sasa nije kwenye lililonikosesha usingizi.

Umeniandikia kwamba mlango wa upande wa mfereji umeutia komeo na hufungui tena. Umesema kuna bibi mzee wa jirani, wa nyumba ya mbao, kila akikuona anakucheka. Na kwamba siku Aliya alipokuwa na homa ya meno, bibi huyo alipanda mpaka barazani kwako, anamtazama mtoto anayelia na huku anacheka, ukamfungia mlango usoni.

Nasriya, mtazame vizuri bibi huyo. Kama ana kovu juu ya nyusi ya kushoto, basi namjua. Jina lake Samruai. Mimi nilikuwa nikimwita Pa Samruai, maana "pa" kwao ni kama shangazi, ndivyo wanavyomwita mwanamke aliyekwisha kuwa mtu mzima. Nyumba hiyo unayokaa ni ya kampuni ya mchele aliyofanyia kazi Ami yako, na kabla yako nilikaa mimi. Komeo hilo unalolitia, nilikuwa nikilitia mimi.

Nyote mnajua kwamba mwanangu Hind alikufa Bangkok kwa homa. Wewe ulikuwa na miaka kumi na nne, ulilia sana, babako Marhoon aliniandikia. Lakini alikufa vipi sikupata kumwambia mtu.

Ilikuwa mwaka wa 1962, mvua kama hizi zinazoanza kwenu sasa. Ami yako Suud alikuwa amepanda na mto kwenda kwenye mashine za mpunga, kazi ya siku kumi. Hind alikuwa na miaka minne. Akashikwa na homa Jumatatu, homa kali, analalamika macho na mgongo. Nikamkanda kwa maji, nikamsomea. Jumanne vivyo hivyo. Jumatano hali haikubadilika.

Siku hiyo ya tatu Pa Samruai alikuja na bakuli la uji. Alisema maneno mengi, mimi sikujua hata moja, maana nilikuwa nimekaa pale miaka miwili bila ya kujifunza lugha yao. Nilijiona mimi wa kupita njia tu, kesho kutwa nnarudi Unguja. Na alipokuwa akisema alikuwa anatabasamu. Nikaupokea uji, na alipoondoka nikaumwaga mferejini, nikichelea nguruwe. Nadhani aliniona.

Alkhamisi asubuhi homa ilishuka. Nilisujudu, Nasriya. Nilisema Mola amenirudishia mwanangu. Hind alikuwa kimya, hataki kula, nami nikasema mtoto kachoka na maradhi, mwache alale. Miguu yake ilikuwa baridi. Nikamfunika kanga mbili.

Adhuhuri Pa Samruai akaja tena. Safari hii hakungoja barazani, aliingia mpaka kitandani, akaifunua kanga, akaishika miguu ya mwanangu, akaufinya mkono wa mtoto akanionyesha vidoa vyekundu, vidogo kama alama za viroboto. Akawa ananivuta mkono na kuonyesha njia kuu. Na uso wake unatabasamu, meno yote nje. Nikaona huyu mwanamke anamcheka mtoto wangu mgonjwa. Nikaona amekuja kumfanyia mambo yao ya mizimu, maana kule uwani ana kijumba chao cha kuwekea maua na ubani. Nikamsukuma. Nilimsukuma mtu mzima mwenye umri wa mamangu, akajikwaa kwenye kizingiti, nikafunga mlango nikatia komeo.

Alibisha. Aliondoka, akarudi, akabisha tena. Alasiri alibisha mara ya tatu, akawa anaita kwa sauti ya kulia, na mimi nimekaa nyuma ya mlango, mtoto mapajani, nimenyamaza kama nyumba haina mtu. Baada ya hapo hakubisha tena. Nilikuja kuambiwa kwamba alikwenda kwa miguu katika mvua ile mpaka mskitini kutafuta mtu wa dini yangu, akidhani mwenzangu nitamsikiliza.

Walipofika, imamu na mkewe na yeye nyuma yao, magharibi ilikuwa inaingia na Hind ameshakufa.

Mke wa imamu alikuwa Mjava, amejifunza Kiarabu kidogo. Baada ya siku tatu za matanga alikaa na mimi akanambia, pole pole, kwa Kiarabu chake kile cha kuokota. "Jirani yako alikuwa anakwambia mtoto apelekwe spitali saa ile ile. Homa hii ikishuka na miguu ikawa baridi ndipo inapoua. Mjukuu wake kafa hivyo hivyo mwezi uliopita."

Nikamuuliza, "Mbona alikuwa anacheka?"

"Hakuwa anacheka," akasema. "Watu wa hapa wakiogopa hutabasamu. Wakikuonea haya hutabasamu. Na wakikuletea habari mbaya hutabasamu, ili isikuangushe."

Ndilo hilo nililotaka ulijue kabla ya la viatu na la mchele. Nilikuwa nimeishi nao miaka miwili na sikujua tabasamu lao lina maana gani.

Ami yako alirudi siku ya tano baada ya msiba, mtoto ameshazikwa makaburini kwa Waislamu. Alikaa sakafuni akasema, "Mimi ndiye niliyemuua. Nilikuacheni peke yenu." Nikamwacha aseme. Aliyasema tena mwaka uliofuata, na tulipokuja huku akaacha kuyasema akawa anayaishi. Mvua haiji Muscat, lakini kila mwezi huu akili yake huwa haipo ghalani. Hajataka mtoto mwengine. Jina la Hind halitaji. Miaka sita nimelala pembeni ya mtu anayejihukumu kwa kosa langu, na nikaona bora iwe hivyo kuliko anitazame kwa jicho jengine.

Kisha ikaja barua yako, na bibi wa jirani, na komeo. Nilitaka kukujibu kwa maneno mawili tu: fungua mlango. Nikaandika, nikachana. Niliona nikikwambia wewe kwa barua na mume wangu yumo ndani hajui, nitakuwa nimefanya uovu wa pili.

Ijumaa ya tarehe tatu, alipotoka mskitini, nikamwambia yote kama nilivyokuandikia. Hakunikatisha. Nilipomaliza akauliza, "Alibisha mara ngapi?"

"Mara tatu."

"Na wewe ulikuwa unamsikia."

"Nilikuwa nnamsikia."

Akavaa kilemba chake, akatoka. Siku nne hakurudi. Alilala ghalani Matrah juu ya magunia, na kila asubuhi alimtuma hamali mmoja na samaki na mkate, bila ya neno. Bi Kheiria wa mlango wa pili aliniuliza kama tumegombana. Nikamwambia kazi zimekuwa nyingi.

Siku ya tano alirudi, mchana, ndevu hazijachanwa. Hakuvuka sebule. Akasema, "Umeshamwandikia Nasriya?"

"Bado."

"Mwandikie. Usimpunguzie kitu. Mwambie kila siku ilivyokwenda, ya kwanza mpaka ya nne, ajue."

Imenichukua wiki nzima kupata pa kuanzia, lakini basi nimekuandikia. Sasa nnakuomba, na sijapata kukuomba kitu tangu uzaliwe. Liondoe komeo hilo leo. Nenda kwa Pa Samruai, vua viatu, ukutanishe viganja kifuani kama wao wanavyofanya, uiname kidogo. Mpe Aliya ampakate. Mwombe akufundishe maneno kumi kwanza: maji, homa, baridi, spitali, haraka, na mengine utayajua mwenyewe. Mitungi ifunike, chandarua kishushe hata mchana, maana wanasema homa hii yaletwa na mbu wa mchana, na huzaliwa katika maji ya mitungi. Na mtoto akishikwa na homa usisubiri ishuke.

Kama anaukumbuka uso wangu, mtafute mtu wa kukufasiria umwambie kwamba yule mwanamke wa Zanzibar anajua alichokuja kumwambia. Usimwombe msamaha kwa niaba yangu. Hilo ni langu, na sijui kama Mwenyezi Mungu atanifikisha tena huko.

Kaburi liko ukutani upande wa mskiti, la nne kutoka kwenye mnazi uliokatika. Msomee Faatiha. Ukikuta majani yamelifunika usiniandikie.

Ami yako bado anakula peke yake. Sijui kama haya yatakwisha, na sijamuuliza. Lakini juzi baada ya Alasiri nilikuwa nnapepeta mchele, akaja akakaa mbali kidogo, akaniambia bila ya kunitazama, "Siku ile Hind aliomba kitu?"

Nikauweka ungo chini. "Aliomba maji."

"Ulimpa?"

"Nilimpa. Alikunywa kidogo, akasema yatosha."

Akatikisa kichwa, akasema, "Vyema." Kisha akajifunika uso kwa kilemba, na tulikaa hivyo hivyo mpaka akaadhini muadhini, yeye upande wake na mimi upande wangu, mchele haujapepetwa.

Msalimie sana Yaarub. Nisalimie mke wa imamu kama bado yu hai. Ukimwandikia babako Marhoon Dar es Salaam, mwambie dadake mzima, mengine nitamwandikia mwenyewe. Binamu yako Sayyida, binti wa nduguye Ami yako, anakusalimu, na Bi Kheiria anambusu Aliya japo hajamwona. Ami yako Suud anakwambia umtunze mtoto. Ni maneno yake mwenyewe, amesimama hapa mlangoni.

Mwenyezi Mungu akulinde katika nchi ya watu, akuwekee jirani mwema, na wewe akujaalie kumjua.

Mimi shangazi yako, mwenye kukupenda na kukuombea,

Masouda